Jinsi ya kuomba muuzaji agharamie kurudisha kifaa kizito chenye hitilafu kilichonunuliwa mtandaoni

Anayenunua televisheni kubwa, friji, mashine ya kufulia au printa ya ofisini kupitia mtandao, kisha akagundua kwamba kifaa ni kibovu, hupata hasara mbili kwa mpigo: kifaa kisichofanya kazi, na nauli ya kukirudisha ambayo wakati mwingine ni kubwa kiasi cha kumfanya aone afadhali kukiacha kikae bure nyumbani. Simu mbovu hutiwa kwenye bahasha ikapelekwa posta. Friji haipelekwi hivyo. Wapo wauzaji wanaolijua hilo na kulitegemea, kwa kuwa mnunuzi akitajiwa nauli mara nyingi hukata tamaa na dai likafa hapo hapo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuliwasilisha dai hilo ili nauli ilipwe na anayestahili kuilipa, na kwa mpangilio ambao hautakuachia deni mkononi.

Jambo la kwanza ni kutenganisha hali mbili ambazo fomu nyingi za wauzaji huzichanganya. Kurudisha bidhaa kwa sababu umebadili nia ni jambo moja. Kuirudisha kwa sababu ina kasoro ni jambo jingine kabisa. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, mnunuzi wa mtandaoni ana siku 14 za kubadili nia bila kutoa sababu, lakini katika hali hiyo nauli ya kurudisha humwangukia yeye, isipokuwa muuzaji amekubali kuibeba au hakumjulisha kwamba ni juu yake. Bidhaa ikiwa na kasoro, sheria hugeuka: Maelekezo ya Umoja huo namba 2019/771, yanayotumika tangu tarehe 1 Januari 2022, yanataka matengenezo au ubadilishaji ufanyike bila malipo, na yanataja wazi kwamba malipo hayo yanajumuisha gharama za posta, usafirishaji, kazi na vipuri. Nchini Uingereza, Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji abebe gharama zote za haki za kurudisha bidhaa iliyokataliwa kwa ubovu. Nchini Afrika Kusini, Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2008 inamruhusu mnunuzi kurudisha bidhaa yenye kasoro ndani ya miezi 6 tangu kuipokea, kwa gharama na dhima ya aliyeiuza. Australia imekwenda mbele zaidi, kwani pale ambapo bidhaa haiwezi kurudishwa bila gharama kubwa kutokana na ukubwa wake au namna ilivyofungiwa mahali ilipo, ni wajibu wa muuzaji kuja kuichukua mwenyewe. Tafuta sheria ya nchi yako kabla ya kuandika chochote, na uangalie pia sheria ya nchi aliyoko muuzaji, kwa sababu masharti ya mauzo hutaja mara nyingi ni ipi itakayotumika.

Kutokana na tofauti hiyo, kisanduku cha sababu kwenye fomu ya kurudisha ndicho sehemu yenye uzito kuliko zote. Chagua sababu inayosema kifaa ni kibovu, kimeharibika au hakilingani na maelezo yaliyotolewa. Usichague "sikihitaji tena" kwa kuwa tu njia hiyo ina maswali machache na inakubaliwa upesi, kwani ukishaichagua umetia saini kwamba nauli ni yako, na kulirekebisha baadaye ni kazi ngumu. Fomu isipokuwa na sababu inayofaa, iache na uandike barua pepe.

Kabla ya kuomba, kusanya ushahidi ukiwa bado mbichi. Piga picha za katoni pande zote, za kibandiko chenye namba ya kifaa, na za sehemu iliyoharibika. Kama hitilafu ni ya utendaji, piga video moja isiyokatwa inayoanza na namba ya kifaa, ikaonyesha waya umechomekwa na umeme upo, kisha ikaonyesha kinachotokea unapokiwasha. Uharibifu ukiuona mzigo unapokabidhiwa, uandike kwenye hati ya makabidhiano kabla ya kutia saini. Saini tupu huchukuliwa kuwa umepokea mzigo ukiwa mzima. Usitupe katoni wala vizuizi vyake vya povu mpaka dai liishe, hata kama vinaziba nusu ya chumba. Muuzaji anaweza kukataa kupokea kifaa kilichofungwa ovyo, na kutengenezewa katoni mpya kwa ajili ya kitu kikubwa ni gharama nyingine inayoepukika.

Sasa pima, na hapa inafaa kuwa makini, kwa sababu watu wengi hukadiria nauli kwa kuangalia mizani peke yake. Kampuni za usafirishaji hutoza kwa uzito halisi au kwa uzito wa ujazo, kutegemea upi ni mkubwa. Uzito wa ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo cha katoni kwa sentimita, kisha kugawanya kwa namba ambayo kwa mizigo ya haraka ya anga kwa kawaida ni 5,000. Chukua televisheni iliyomo kwenye katoni ya sentimita 150 kwa 95 kwa 20. Ukizidisha unapata 285,000, na ukigawanya kwa 5,000 unapata kilo 57. Televisheni yenyewe huenda haina hata kilo 30, lakini nauli itatozwa kwa kilo 57. Omba makadirio ya maandishi kutoka kwa wasafirishaji wawili au watatu ukitumia vipimo hivyo, na uyahifadhi. Makadirio hayo ndiyo yatakayokulinda muuzaji akikutupia kiasi kidogo cha kukunyamazisha.

Ombi lenyewe liwe fupi, lenye tarehe, na litaje mambo manne: kifaa na namba ya oda, hitilafu, unachotaka, na siku ya mwisho ya kujibiwa. Liandikwe kwa lugha ya heshima lakini lisiombe huruma, kwa kuwa unadai kilicho chako. Kwa mfano:

"Kwa Idara ya Huduma kwa Wateja. Tarehe 3 Machi nilipokea kutoka kwenu mashine ya kufulia yenye uzito wa kilo 68, kwa oda ambayo namba yake nimeiandika hapo juu. Tangu nilipoiwasha kwa mara ya kwanza ngoma yake haizunguki, kama inavyoonekana katika video niliyoambatisha. Naomba mnipatie mashine nyingine iliyo nzima, na mtume gari la kuichukua hii kutoka nyumbani kwangu kwa gharama yenu, kwa kuwa uzito wake hauniwezeshi kuipeleka mwenyewe. Tafadhali nijulisheni kwa maandishi, kabla ya tarehe 20 Machi, siku ya kuja kuichukua. Hadi wakati huo mashine itatunzwa vizuri na haitatumika."

Angalia kwamba barua hiyo inaomba mzigo uje uchukuliwe, haiombi kurudishiwa nauli. Hilo ni la makusudi. Fedha iliyokwisha kutoka mfukoni mwako ni ngumu kuirudisha kuliko ile ambayo haijatoka, kwa hiyo omba kwanza gari, likikataliwa omba lebo ya kusafirishia iliyokwisha kulipiwa, na kulipa mwenyewe kwa ahadi ya kurejeshewa kuwe njia ya mwisho. Mawasiliano yote yafanyike kwa maandishi. Mkizungumza kwa simu, mtumie ujumbe siku hiyo hiyo ukieleza mlichokubaliana.

Majibu utakayopata ni ya aina chache. Muuzaji akikubali, mtake aseme nani atabeba mzigo kutoka ndani hadi kwenye gari, kwa maana madereva wengi huishia mlangoni au barabarani. Akikuambia ulipe kwanza, mjibu kwamba kiasi hicho ni kikubwa na umtumie makadirio uliyokusanya. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililiangalia suala hili mwezi Mei 2019, katika shauri la hema la mita 5 kwa 6 lililonunuliwa kwa simu. Ilisema muuzaji halazimiki kila mara kutanguliza nauli, lakini atalazimika pale ambapo kumtaka mnunuzi aitangulize ni mzigo unaoweza kumfanya aache kudai haki yake. Mahakama hiyo ilikubali pia kwamba bidhaa nzito, kubwa au dhaifu huenda ikafaa kutengenezewa hapo hapo ilipo. Hata kama huishi Ulaya, hoja hiyo ni nzuri na ya haki, nawe waweza kuitumia katika barua yako.

Akikupa punguzo ili ubaki na kifaa kibovu, usijibu siku hiyo. Tafuta kwanza fundi akutajie gharama ya matengenezo, kisha ulinganishe. Punguzo lililo chini ya gharama hiyo si suluhu. Akikupa anwani ya kurudishia iliyo katika nchi nyingine tofauti na ile mzigo ulikotoka, kataa kwa maandishi mpaka akubali kulipia safari nzima pamoja na ushuru utakaojitokeza njiani.

Ukikubaliwa, funga kifaa kama kilivyokuja. Mashine ya kufulia irudishiwe bolti zake za usafiri zinazoshikilia ngoma, friji na televisheni zisafiri zikiwa zimesimama, na kifaa chenye betri ya lithiamu kitajwe hivyo kwa msafirishaji, kwa sababu betri ya aina hiyo ikiwa na hitilafu haikubaliwi kwenye ndege. Usiiandike kama kifaa cha kawaida ili upunguziwe bei. Ni hatari kwa watu, na dai lako litaharibika. Piga picha kabla ya kufunga na baada ya kufunga, na chukua stakabadhi yenye namba ya kufuatilia mzigo.

Siku uliyoitaja ikipita bila jibu, peleka malalamiko kwa jukwaa ulikonunulia, kwani mengi yana utaratibu wa kumlinda mnunuzi wenye muda wake maalumu, na ukipitwa hutasikilizwa. Kama ulilipa kwa kadi, benki yako inaweza kufungua shauri la kurejesha malipo. Kwa kadi za mitandao mikubwa ya malipo, kama Visa na Mastercard, muda wa kawaida ni siku 120. Benki itauliza kama ulijaribu kurudisha kifaa, na barua pepe zako zikionyesha kwamba uliomba kichukuliwe na muuzaji akakataa, hilo ndilo jibu. Baada ya hapo hufuata mamlaka ya kulinda watumiaji ya nchi yako, kisha mahakama ya madai madogo mahali ilipo.

Fedha zikirudi, zikague kwa vipengele: bei ya kifaa, nauli ya kurudisha kama uliilipa, na, pale mauzo yanapovunjwa kabisa, nauli ya awali ya kukuletea mzigo ambayo wauzaji hupenda kuiruka. Kikikosekana kimoja, jibu barua pepe ile ile ya mwanzo ukitaja kiasi kilichobaki na kuambatisha stakabadhi yake, na utoe siku 7 za kukilipa.