Namna ya Kuchagua Gemu la Magari: Wingi wa Magari au Uhalisia wa Uendeshaji?

Kila mwezi Juni, shule zinapofungwa, watoto wa dada yangu huja Dodoma kutoka Manyoni na kukaa kwangu Ipagala, na swali lao la kwanza baada ya shikamoo ni kama nimepata gemu jipya la magari. Mwaka jana tulikwenda pamoja kwa muuza diski za mtumba. Mkubwa wao akainua diski moja akaniambia, "Mjomba, chukua hili, lina magari zaidi ya elfu moja." Nilimjibu kwamba nitalilipia akinitajia magari kumi tu ambayo angeweza kuyatofautisha kwa jinsi yanavyokata kona, bila kutazama umbo wala rangi. Alitaja mawili, akafikiri, kisha akairudisha diski mezani. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake, na kwa yeyote anayesimama mbele ya meza kama ile akiwa na fedha ya gemu moja tu mfukoni.

Ni vizuri kwanza kuelewa kwa nini wingi wa magari na uhalisia wa uendeshaji hugombana. Gari la ndani ya gemu hutengenezwa na watu kwa mikono na kompyuta: bodi, dashibodi, mlio wa injini, uzito wake umekaa wapi, tairi zinashika barabara kiasi gani. Gran Turismo la kwanza lilipotoka Japani mwaka 1997 kwa PlayStation, picha zilikuwa za kawaida na gari moja halikuchukua muda mrefu kuchorwa. Kadiri mashine zilivyopata nguvu, kazi iliongezeka, na Kazunori Yamauchi, kiongozi wa studio ya Polyphony Digital inayotengeneza Gran Turismo, amewahi kueleza kwamba gari moja lililokamilika la toleo la tano lilichukua takriban miezi sita ya kazi ya mtu mmoja. Ukizidisha miezi hiyo kwa magari elfu moja, utaona mwenyewe kwamba jambo hilo haliwezekani bila njia ya mkato.

Njia ya mkato ilipatikana kweli. Gran Turismo 5 ya mwaka 2010 ilitangazwa kuwa na magari zaidi ya 1,000, lakini yaliyotengenezwa upya kwa ukamilifu yalikuwa kama 200. Yaliyobaki, karibu 800, yalihamishwa kutoka matoleo ya nyuma ya PlayStation 2 na PSP, ile mashine ndogo ya mkononi, na ndiyo maana ukikaa ndani ya mengi kati ya hayo huoni dashibodi yenye mishale inayocheza. Miaka saba baadaye watengenezaji haohao waligeuka kabisa: Gran Turismo Sport ya mwaka 2017 ilianza na magari yasiyofika 200, yote yakiwa yametengenezwa upya. Wachezaji wengi walilalamika kwamba gemu ni jembamba, na magari yakaongezwa bila malipo hadi yakapita 300. Gran Turismo 7 ya mwaka 2022 ilianza na zaidi ya 400. Ukiwa na historia hii kichwani, namba iliyoandikwa kwenye kasha haitakutisha tena.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuuliza namba hiyo imejaa nini. Forza Motorsport 7 ya mwaka 2017 ina magari zaidi ya 700, lakini ilipotoka haikuwa na magari ya kawaida ya barabarani ya Toyota, kwa sababu za leseni, yaani ruhusa ya kampuni kutumia magari yake. Mtu wa Ulaya anaweza asijali. Sisi ambao tukitoka nje tunakutana na Vitz, IST, Noah, Mark II na Land Cruiser kabla hatujafika kituo cha daladala, tunajali sana, na si kwa mapenzi tu. Uhalisia unapimwa kwa kulinganisha na kitu unachokifahamu. Gemu likikupa Ferrari 50, utakubali chochote litakachokuambia kuhusu Ferrari, maana hujawahi kuikalia. Likikupa Vitz, nawe una Vitz, haliwezi kukudanganya. Kwa hiyo mimi huhesabu magari ya kawaida kwanza, na kwa kipimo hicho Gran Turismo 4 ya PlayStation 2, yenye magari zaidi ya 700, bado ni hazina kwa mchezaji wa Tanzania: ina Vitz, ina Altezza, ina Chaser ambayo ni ndugu wa Mark II, ina Impreza za kila namna, na hata gari la Daimler la mwaka 1886 linalotembea polepole kama baiskeli. Yale mengi yanatoka Japani, na yana usukani upande wa kulia kama tuliouzoea.

Hatua ya pili ndiyo muhimu kuliko zote, nayo ni kulijaribu gemu kwa kona moja kabla ya kulipa. Muuzaji mwenye televisheni kibandani hakatai ukimwomba dakika kumi. Kama gemu lina kiwanja cha Tsukuba cha Japani, ambacho kipo katika matoleo mengi ya Gran Turismo, kitumie hicho, kwa sababu urefu wake ni zaidi kidogo ya kilomita 2 na kona yake ya kwanza inakulazimisha ufunge breki vizuri kutoka kwenye mwendo mkali. Kama hakipo, tafuta kona yoyote inayoingiwa kwa gia ya pili. Zima misaada yote ya udereva isipokuwa ABS, ile inayozuia tairi zisijifunge unapokanyaga breki, kisha chagua magari matatu ya mifumo mitatu: linalovutwa na tairi za mbele kama Vitz, linalosukumwa na tairi za nyuma kama Altezza, na la fowili kama Impreza.

Anza na Vitz na uingie kwenye kona kwa kasi iliyozidi kidogo. Gari halisi la namna hiyo litagoma kukata: utazungusha usukani, pua itaendelea kwenda nje, na ukizungusha zaidi haitasaidia, kwa sababu tairi za mbele zimekwisha kushindwa. Sasa achia mafuta bila kugusa breki. Uzito unahamia mbele, tairi zinapata mshiko, na pua inarudi ndani taratibu. Vitz yangu ni ya injini ndogo ya lita moja, na hali hiyo niliipata kwa mwendo wa kawaida kabisa nikipanda kona za Nyang'oro baada ya kupita Mtera kuelekea Iringa. Mwili unaegemea mlango, usukani unakuwa mwepesi ghafla mikononi, kisha unarudi na uzito wake mara tu mguu unapopunguza. Gemu zuri hukuonyesha mambo hayo kwa mpangilio huohuo, hata kama unatumia pedi, kidhibiti cha kushika mikononi, na si usukani.

Halafu chukua Altezza. Ingia kona ileile polepole, na ukifika katikati kanyaga mafuta yote ukiwa gia ya pili. Nyuma inapaswa kutaka kutoka, nawe uhitaji kugeuza usukani upande inakoelekea na kupunguza mafuta kwa upole. Ukiachia yote kwa mshtuko, gari litajirusha upande wa pili. Mwisho chukua Impreza, ufanye vilevile, na uone kama inajivuta yenyewe kutoka kwenye kona bila fujo nyingi. Rudia magari yote matatu huku tairi mbili zikiwa kwenye nyasi au mchanga. Ikiwa magari matatu yamekupa jibu moja, usinunue, hata kama orodha yake ina magari elfu mbili, kwa maana ulicho nacho ni gari moja lililobadilishwa nguo.

Sisemi kwamba kila gemu lisilofaulu jaribio hili ni baya. Forza Horizon 5, inayochezwa katika ramani ya Meksiko na iliyoanza na magari zaidi ya 500, haidai kuwa chuo cha udereva. Hata hivyo tofauti ya gari linalovutwa na tairi za mbele na linalosukumwa na za nyuma utaisikia vizuri, na watoto wanne wakipokezana pedi wanafurahi hadi usiku. Upande mwingine kabisa kuna Assetto Corsa Competizione ya studio ya Kunos Simulazioni kutoka Italia, iliyofika kwenye PlayStation na Xbox mwaka 2020. Hiyo ina magari machache, karibu yote ya GT3 na GT4, madaraja ya mbio za magari yaliyotokana na magari ya barabarani, na viwanja vilivyopimwa kwa miale ya leza hadi mabonde madogo ya lami. Ni ya mtu mmoja mvumilivu. Niliwawekea wapwa zangu siku moja, na baada ya nusu saa nilibaki peke yangu sebuleni.

Kwa wanaopenda vumbi, na nadhani mtu yeyote aliyepita njia za ndani za Kongwa au Bahi wakati wa kiangazi anaweza kulipenda, wingi wa magari una maana ndogo zaidi. Kinachobeba gemu la rali ni barabara. DiRT Rally ya mwaka 2016 kwa PlayStation 4 na Xbox One haifiki magari 50, lakini kokoto na mawe ya vipande vyake vya barabara za mashindano vya Ugiriki yanakufundisha kufunga breki mapema kuliko unavyodhani, na kuliweka gari upande kabla kona haijafika. EA Sports WRC ya mwaka 2023, ya PlayStation 5, Xbox Series na kompyuta, inayo Safari Rally ya Kenya, mashindano ambayo yalipoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwangu mimi, kuendesha kwenye udongo wa Afrika Mashariki ndani ya gemu kunazidi thamani ya magari mia moja ya ziada.

Kabla ya kulipa, angalia pia intaneti na umeme, mambo ambayo kwa hali yetu yanaweza kuamua kila kitu. Gran Turismo 7 inahitaji intaneti kwa sehemu kubwa ya mchezo, na mwezi Machi 2022 seva zake zilipozimwa kwa zaidi ya saa 30, hata wenye diski mkononi walishindwa kucheza sehemu hiyo. Tena inataka nafasi ya zaidi ya GB 100, na anayetegemea bando la simu anajua masasisho yake yatamgharimu nini. Forza Motorsport ya mwaka 2023 nayo inataka mtandao kwenye safari yake ya mchezaji mmoja. Magemu ya zamani ya diski hayana shida hiyo. Kuhusu umeme, weka stabilaiza nzuri, na katika Gran Turismo 4 usianze mashindano ya saa 24 wakati wa mgao, kwa kuwa hayahifadhiki katikati. Mimi nilipoteza saa tano kwa namna hiyo na bado naikumbuka siku yenyewe.

Ukishanunua, uhalisia uliolipia utaupata tu ukilipanga gemu vizuri. Televisheni nyingi za kisasa zina hali maalumu ya gemu kwenye menyu ya picha. Iwashe, maana bila hiyo picha huchelewa nyuma ya kidole chako na utalilaumu gari bure. Acha ABS ikiwa unatumia pedi, kwa sababu kidole hakina hisia ya mguu. Kidhibiti cha kuteleza kishushe hadi ngazi ya chini kabisa, na mstari wa rangi unaoonyesha njia uuzime baada ya siku mbili tatu, ili macho yako yaanze kutafuta alama za breki pembeni mwa barabara. Tumia kamera ya ndani au ya juu ya boneti. Pedi ikianza kuvuta upande mmoja yenyewe, huenda vumbi letu limeingia kwenye kijiti chake cha kuelekezea gari. Mpe fundi aisafishe kabla hujaongeza eneo la kijiti lisilohisi kwenye mipangilio, kwa kuwa eneo hilo likiwa kubwa unapoteza masahihisho madogo ambayo ndiyo roho ya udereva. Ukipata usukani wa mtumba, uliza unafanya kazi na mashine ipi: Logitech G29, unaozunguka nyuzi 900, ni wa PlayStation, ilhali G920 ni wa Xbox, na kwa macho zinafanana sana.

Kisha endesha gari moja kwa juma zima, kwenye kiwanja kimoja. Wapwa zangu tuliwawekea daftari: jina la gari, muda wa mzunguko, na sentensi moja ya jinsi gari lilivyojibu kwenye kona ya kwanza. Sheria ni kwamba habadilishi gari mtu ambaye mizunguko yake mitano mfululizo inapishana kwa zaidi ya nusu sekunde. Mkubwa alianza na Vitz kwa kulazimishwa, akaingia Altezza juma la pili, na siku ya kurudi Manyoni alikuwa amefika gari la nne; kwenye mstari wa mwisho wa daftari aliandika kwamba Impreza "inasubiri kidogo, halafu inakuvuta mkono," na ndivyo inavyofanya.