Sufuria ya kwanza ya ubuyu: jinsi ya kuanza biashara ukiwa hosteli

Nilianza chuo 2017, nikikaa hosteli ya Mabibo, Dar es Salaam, na bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo wa serikali, wakati huo lilikuwa shilingi 8,500 kwa siku. Linaingia kwa mkupuo: wiki ya kwanza chipsi kuku, wiki ya sita mnaulizana nani amebakiwa na unga.

Mdogo wangu, kabla hujawaza mtaji, kaa kwenye ngazi za bweni saa tatu usiku uangalie watu wanatoka kwenda kununua nini. Mimi nilikaa siku tatu. Wasichana wa ghorofa yetu walikuwa wanavaa kanga, wanashuka mpaka getini kufuata ubuyu na karanga, halafu wanarudi wakilalamika ngazi. Semina za ujasiriamali nimehudhuria pia. Soda zilikuwa za baridi.

Kupikia chumbani hairuhusiwi, kwa hiyo Jumamosi nilikwenda kwa mamdogo Manzese, ana jiko la mkaa na uvumilivu. Sukari nusu kilo na kikombe cha maji, chemsha mpaka shira ikivutwa kwa vidole viwili itoe uzi. Hapo tia rangi, iliki, pilipili ya unga na chumvi kidogo, kisha ubuyu kilo moja, na usiache kugeuza. Ukiipua mapema unagandana kwenye kifuko kama tope. Ukichelewa, sukari inarudi kuwa unga mweupe na mteja anakuuliza kama umeota ukungu. Sufuria yangu ya kwanza iliota "ukungu" huo. Tuliila wenyewe.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi tunajidanganya. Ubuyu kilo 2,500, sukari 1,250, viungo 800, vifuko 500. Jumla 5,050. Nilipata vifuko 35, nikauza 200 kila kimoja: 7,000. Nikajipongeza kwa faida ya 1,950. Mamdogo akaniuliza, "Na mkaa wangu? Na nauli ya Kariakoo uliruka?" Mkaa 500, daladala kwenda na kurudi 800. Ikabaki 650 kwa siku nzima ya kusimama jikoni.

Wiki iliyofuata nikapika kilo tatu kwa mpigo. Nauli ikabaki ileile 800, mkaa ukapanda mpaka 1,000 tu, na viungo vya jumla vikashuka bei kidogo. Faida ikafika 4,650. Kwa hiyo jaribu kwa kilo moja, ila usiendelee na kilo moja.

Fungua laini ya pili ya simu kwa ajili ya hela ya biashara peke yake. Ikichanganyika na bumu, utakula mtaji ukidhani unakula chakula.

Mikopo ndiyo iliyonitoa machozi. "Nipe viwili, bumu likitoka nakulipa." Bumu likatoka, watu wakahama njia ya kupita. Daftari langu likabaki na 11,400, yaani vifuko 57, vya watu ninaosoma nao darasa moja. Nikabandika kwenye kifuniko cha ndoo: Leo taslimu, kesho mkopo. Rafiki yangu mmoja alininunia mwezi mzima. Nikamwacha anune.

Muulize msimamizi wa bweni mapema kama kuuza bwenini kunaruhusiwa, usisubiri ndoo ikamatwe. Mambo ya kusajili jina la biashara BRELA na kuchukua TIN, namba ya mlipakodi, TRA yafuate ukishaona kitu kinatoka kila wiki na unataka kukitoa nje ya geti.

Na masomo? Nimeona mtu akidisko, yaani akifeli mpaka anaondolewa chuo, huku chini ya kitanda chake kumejaa viatu vya mtumba. Mimi wiki ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, sikuwa nashika mwiko. Nilikuwa napika wiki moja kabla, kilo sita, nafunga vizuri, kwa sababu watu wanaokesha na madesa, notsi za kusomea, wanatafuna usiku kucha, na mlango wa kugonga ni wangu.