Mtambo wa mafuta ukiingiliwa na wadukuzi, anzia hapa

Kompyuta ya ofisini ikivamiwa watu hukimbilia kuchomoa kila kitu, ila kwenye mtambo wa mafuta na gesi usiguse waya kabla hujaongea na opareta, manake mabomba yana presha na ukikata mawasiliano ghafla yeye anabaki haoni kitu huku gesi inaendelea kupita. Mtume mtu akasome geji kwa macho kule saiti na aripoti kwa redio. Namba zikipishana na za kwenye skrini, skrini usiiamini tena, mtambo uendeshwe kwa mkono au uzimwe kwa utaratibu wake, na hapo anayeamua ni msimamizi wa shifti, sio watu wa kompyuta.

Halafu tenganisha netiweki ya ofisi na ya mtambo. Hili lipangwe mapema: ni waya upi, na nani ana ruhusa ya kuuchomoa hata saa nane usiku bila kumtafuta bosi. Mei 2021 kule Marekani wadukuzi waliingia Colonial Pipeline, kampuni ya bomba la mafuta, kwa akaunti ya zamani ya VPN (njia ya kuingia netiweki ya kampuni ukiwa mbali) iliyolindwa na pasiwedi tu, wakafunga mifumo ya ofisi, na kampuni yenyewe ikalizima bomba kwa siku kadhaa kwa kuhofia wasifike huko. Kampuni iliwalipa wadukuzi bitcoin 75, kama dola milioni 4.4.

Kompyuta iliyoathirika itoe kwenye netiweki lakini usiizime, ushahidi mwingine uko kwenye memori na ukizima umepotea. Pigianeni simu, imeili huenda wanazisoma, na kila hatua iandikwe kwenye daftari pamoja na saa.

Sasa hili nawaomba sana jamani, mtambo ukijizima wenyewe msikimbilie kusema ni hitilafu ya mashine mkawasha tu. Saudi Arabia mwaka 2017 mfumo wa usalama wa kiwanda cha petrokemikali ulizima mtambo mwezi Juni wakadhani ni ubovu wa kawaida, Agosti ukazima tena ndo ikagundulika programu ya wadukuzi iitwayo Triton imo ndani ya vidhibiti vya Triconex, yaani kompyuta za usalama, zilezile zinazotakiwa kuzuia mlipuko. Kumbe ufunguo wa kidhibiti ulikuwa umeachwa kwenye PROGRAM, sehemu inayoruhusu programu yake kubadilishwa, yaani mlango wazi. Wa kwenu nendeni mkauangalie leo, uwe kwenye RUN, sehemu ya kufanya kazi tu, na utolewe.

Wakati wa kurudisha, tumia bakapu iliyokaa nje ya netiweki, na injinia aikague mstari kwa mstari kabla valvu haijafunguliwa.