Kuchagua draya ya mkono ya nyumbani: wati baadaye

Nimeua draya nyingi saluni, na nyingi zilikufa kifo kimoja: vumbi na nywele ziliziba nyuma, hewa ikakosa pa kupita, koili (waya unaopasha joto) ikaungua. Ndiyo maana mteja akiniomba nimchagulie ya nyumbani, kwanza naigeuza.

Hatua ya 1: Tazama mgongo. Pale inapovutia hewa pawe na wavu unaofunguka kwa vidole, bila bisibisi. Usiofunguka hutausafisha, tusidanganyane. Ukiziba, draya hutoa harufu ya nywele zinazoungua, kisha hujizima katikati ya kazi. Wengi huitupa hapo wakidhani imekufa, kumbe ni kinga ya joto imefanya kazi yake.

Hatua ya 2: Inyanyue. Ipeleke hadi kisogoni, uishike hapo dakika mbili. Gramu 500 si kitu kiganjani, lakini mkono ukiwa juu ya bega utazihesabu moja moja. Halafu kagua waya unapoingia kwenye mpini: pawe na mpira mrefu unaopinda, maana hapo ndipo waya hukatikia. Urefu usipungue mita 2.

Hatua ya 3: Bonyeza kila kitufe. Hapa usikubali kuharakishwa. Upepo na joto viwe na swichi mbili tofauti. Draya ya swichi moja haikupi nafasi: ukitaka upepo mwingi, unapewa na moto mwingi, na ngozi ya kichwa ndiyo inayolipa.

Bonyeza cha hewa baridi, weka kiganja, hesabu hadi kumi. Ikibaki vuguvugu, irudishe. Nywele hulainika kwa joto, lakini umbo hulishika zinapopoa. Mimi nikishanyoosha fungu kwa brashi, nikipuliza kutoka kwenye shina kwenda nchani, silitoi kwenye brashi kabla sijalipitishia baridi. Ukiliachia likiwa la moto, linajikunja tena.

Hatua ya 4: Sasa soma lebo. Wati 1,200 zinatosha nywele fupi au chache. Kwa nywele nyingi au za kipilipili tafuta 1,800 hadi 2,000. Ila wati ni umeme unaoliwa, si kipimo cha upepo. Nimeshika za wati 2,000 zinazopuliza kama mtu anayepoza uji. Kwenye volti 230, draya ya wati 2,000 huvuta karibu ampea 9, kwa hiyo ichomeke ukutani, achana na ekstensheni nyembamba. Na volti zilingane na za kwako: ya 110 ukiichomeka kwenye 230, imekwenda.

Hatua ya 5: Jaribu midomo yake. Mdomo bapa ni wa kunyoosha, kichana chenye meno ni cha nywele za kipilipili, na bakuli lenye vidole ni la mawimbi. Ivalishe unachokihitaji, kisha itikise draya kwa nguvu. Kichana kilichowahi kunichomoka kiliruka hadi kwenye kikombe cha chai cha mteja. Tangu siku hiyo natikisa.

Kuhusu ioni (chaji za umeme zinazodaiwa kutuliza nywele) na keramiki (kauri inayodaiwa kusambaza joto sawasawa) zilizoandikwa kwenye boksi: zikiwepo sawa, lakini kati ya hizo na wavu unaofunguka, nachukua wavu.