SOMO: Kufuatilia dawa mpya kwenye damu ya panya (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakuu, nimechoka kujibu faraghani swali lilelile: "nitajuaje dawa yangu inafika kwenye damu?" Naliweka hapa mara moja.

1. Kibali cha kamati ya maadili ya wanyama kwanza.

2. Pima uzito wa kila panya asubuhi ya kazi. Dozi inafuata uzito.

3. Gawa makundi mawili: wa kuchomwa mshipani na wa kunyweshwa kwa mrija. Kundi la sindano ndilo rula yako, maana dawa yote imeingia kwenye damu. Wanaoliruka kwa kubana matumizi hurudi hapa kuuliza maswali yasiyojibika.

4. Kutoa damu: dakika 5, 15, 30, kisha saa 1, 2, 4, 8 na 24. Hapa ndipo data nyingi zinapofia, basi soma taratibu. USITOE damu kwenye mshipa uleule uliochomea dawa. Mabaki hunasa pale pale, sampuli za mwanzo zinapaa, na utaamini mwili unaiondoa dawa polepole kuliko ukweli. Ukichoma mkiani, toa shingoni au mguuni. Andika saa halisi: kama dakika ya 5 imekuwa ya 7, andika 7, usimfurahishe msimamizi. Tena panya wa gramu 250 ana damu kama mililita 16 tu, na usivuke asilimia 10 kwa siku. Sampuli 8 za mililita 0.2 zimeshakufikisha ukingoni. Ukimkamua zaidi, unapima panya mgonjwa.

5. Zungusha kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha mirija kwa kasi), tenga plazma (maji ya damu yasiyo na chembe), gandisha nyuzi 80 chini ya sifuri.

6. Pima kiasi cha dawa kwenye kila sampuli, chora mchoro wa kiasi hicho dhidi ya saa, tafuta eneo lililo chini yake. Tuseme sindano ya mg 1 kwa kilo imekupa eneo la 500 (nanogramu-saa kwa mililita), na ya kunywa ya mg 5 imekupa 1000. Gawa kila eneo kwa dozi yake: 500 na 200. Iliyofika kwenye damu ni asilimia 40.

MASWALI

Kijana_Maabara: Mkuu, kwa hiyo dozi ya panya nazidisha kwa kilo 70 napata ya mtu?

Hapana. Miligramu kwa kilo za panya unagawa kwa 6.2 kupata miligramu kwa kilo za mtu, na hapo bado hujagawa tena kwa 10 kwa ajili ya usalama. Na hiyo ni ya kupangia jaribio la kwanza, si ya kumpa jirani.

Kijana_Maabara: Nilisikia tu watu wanazidisha.

Ndiyo maana nimeandika somo.

Binti Plazma: Shikamoo mwalimu. Ile asilimia 60 ya mfano wako imepotelea wapi, tumboni au kwenye ini?

Marahaba. Swali zuri sana hili. Gawa dozi ya sindano kwa eneo lake, upate kiasi cha plazma kinachosafishwa dawa: mililita 2000 kwa saa kwa kilo, yaani kama 33 kwa dakika. Ini la panya hupitisha damu kama mililita 55 kwa dakika kwa kilo. 33 kwa 55 ni asilimia 60. Kama ini ndilo linaloiondoa, na dawa imegawanyika sawa kati ya plazma na chembe za damu, basi utumbo umefyonza yote na ini limekata 60 kabla haijazunguka. Usimsumbue mtengeneza vidonge. Mrudie mkemia abadilishe molekuli.

Mzee wa Mirija: Niongeze: wenye artesunate (dawa ya malaria) watumie mirija yenye floraidi, waiweke kwenye barafu. Na damu ikipasuka chembe, madini ya chuma yanaila dawa humohumo.

Kweli kabisa. Na wenye dawa za jamii ya esta: plazma ya panya ina vimeng'enya vya kuzivunja ambavyo plazma ya mtu haina. Weka kizuizi cha vimeng'enya hivyo kwenye mrija kabla damu haijaingia.

Kijana_Maabara: Kwani nikitoa damu mkiani palepale nilipochoma kuna shida?

Namba 4.