Namna ya Kumsoma Mwandishi Umpendaye

Mwandishi wa hadithi unayempenda husomwa kwa dhati anaporudiwa, kwa kuwa usomaji wa kwanza hukimbilia matukio kwa shauku ya kujua mwisho, ilhali usomaji wa pili, ambapo mwisho unajulikana tayari, huonyesha jinsi kazi ilivyosukwa. Chagua ukurasa mmoja uliokugusa, uusome kwa sauti, kisha uunakili polepole kwa mkono wako. Mkono hugundua yale ambayo jicho huyaruka: kwa mfano, mwandishi hasemi kwamba mjane ana huzuni, bali anamwonyesha akitenga vikombe viwili mezani, kisha akirudisha kimoja kabatini. Jiulize kwa nini amekomea hapo bila kueleza. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipo siri ya kudumu kwa kazi, kwani msomaji aliyeachiwa nafasi ya kuweka huzuni yake mwenyewe haisahau kazi hiyo, hata kama mazingira yaliyoizaa yametoweka zamani.

Soma pia kazi zake zilizopuuzwa. Usipime ubora kwa mauzo wala kwa sifa za mwaka mmoja: Moby-Dick, riwaya ya Mmarekani Herman Melville, ilitoka mwaka 1851 ikauzwa kidogo, naye akafariki mwaka 1891 akiwa karibu amesahaulika, lakini katika miaka ya 1920 wasomaji na wahakiki waliifufua. Kwa kuwa wasomaji ndio huifufua kazi iliyosahaulika, mwazime mtu mwingine kitabu unachokipenda, na umweleze kwa makini ni ukurasa gani uliokufanya usite na kuusoma tena.