Kukagua Uhalali wa Jibini, Mtindi na Aiskrimu kwa Kusoma Lebo

Maziwa ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia ni halali, na kuyachemsha au kuyafanya unga hakubadilishi hukumu. Usipoteze muda kwenye maziwa matupu, samli, wala siagi ya krimu na chumvi tu. Mashaka huanzia kwenye vinavyoongezwa kiwandani.

Anza na jibini, hapo ndipo penye kazi. Maziwa yake mara nyingi hugandishwa kwa reneti, yaani vimeng'enya vya kugandishia, na reneti ya asili hutoka tumboni mwa ndama. Lebo ikitaja reneti ya mimea au ya vijidudu, nunua. Ikiandika "vimeng'enya" bila chanzo, muulize mtengenezaji: vinatokana na mnyama? Yupi? Alichinjwaje? Jibu la "hakuna nguruwe" halitoshi, kwa sababu ndama asiyechinjwa kisharia ndiye mwenye utata. Abu Hanifa aliihesabu reneti yake kuwa safi kisharia (twahara); Mashafii huihesabu najisi. Fuata madhehebu yako, lakini kwanza ujue unachokula. Parmigiano Reggiano, jibini ya Italia, haina haja ya swali la kwanza: kanuni zake zinalazimisha reneti ya ndama, hivyo linabaki suala la uchinjaji. Jibini nyingine huoshwa kwa divai au bia ikiiva. Soma pia maelezo ya ganda.

Wengi husahau maji yanayobaki baada ya jibini kuganda. Hukaushwa yakawa unga, yakatiwa kwenye biskuti, chokoleti na unga wa protini. Reneti iliyogandisha jibini imepita humo pia, kwa hiyo swali ni lilelile. Rikota, jibini laini ya Italia, nayo kwa desturi hutengenezwa kwa maji hayo.

Mtindi wa maziwa na bakteria hauna neno. Kagua ule wa matunda na ule uliopunguzwa mafuta, kwani mara nyingi hutiwa gelatini, kigandishi cha ngozi na mifupa ya wanyama (zamani namba yake ya kiungio kwenye lebo ilikuwa E441), ili usitoe maji juu. Gelatini isiyotajwa chanzo huweza kuwa ya nguruwe, basi uache. Pektini (E440) na karajini (E407) ni vigandishi vya mimea na mwani. Wekundu wa E120 hutokana na wadudu. Wanazuoni wamehitilafiana, na asiyetaka utata achague uliotiwa rangi ya bitiruti.

Kwenye aiskrimu, msumbufu ni E471, kichanganya mafuta na maji: hutengenezwa kwa mafuta ya mimea au ya mnyama, na namba yenyewe haikuambii ni yapi. Tafuta maneno "ya mimea" kando yake. Vanila ya maji mara nyingi huyeyushwa kwa alkoholi. Ladha ya ramu usiiulizie, irudishe rafuni.

Alama ya "inafaa kwa wasiokula nyama" husaidia sana kwa reneti, gelatini na E471, ila haizuii pombe. Alama ya halali iwe na jina la taasisi iliyoithibitisha, si neno tupu. Na kifungashio kikibadilika sura, soma upya: viwanda hubadili viambato bila kutangaza.